Mgeni wa Kiti cha Tatu

Kicheko kilitangulia utani.

Mama Kanda alirudisha kanda nyuma akasikiliza tena. Kwenye skrini, Bwana Swali alikuwa ameinama mbele kitini, miwani isiyo na vioo imemshuka puani, akimwuliza Mtabiri wa Jana hali ya hewa ilikuwaje jana. Mtabiri alikuna kidevu, akatazama dari, akafungua daftari, akalifunga. Ukumbi ulikuwa kimya unasubiri. Mtu mmoja akacheka. Kisha ndipo mtabiri aliposema, "Hapo umenibana, jana sikuwepo," na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mtu mmoja, kabla ya wote. Kicheko kifupi, cha kooni, cha mtu anayejua kinachokuja.

Alidhani sauti na picha zimepishana, jambo la kawaida kwa kanda zilizokaa kabatini miaka thelathini. Lakini midomo ya Bwana Swali ilikwenda sawa na maneno yake, na makofi yalikwenda sawa na mikono. Kilichowahi ni kicheko kile peke yake. Aliandika dakika na sekunde kwenye daftari, akaweka alama ya kuuliza, akaendelea na kazi.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza katika chumba kile cha chini cha kituo cha televisheni, chumba kisicho na dirisha, chenye makabati ya chuma na mashine ya ubaridi inayokoroma mchana kutwa. Hakuwa na mtoto, ila kazini wote walimwita Mama Kanda, maana kanda zile alizilea. Alizipangusa vumbi, akazigeuza zisigandane, na mtu akiazima moja bila kusaini alimfuata mpaka mezani kwake. Mwezi ule mkuu wa vipindi alikuwa amempa kazi ambayo angeifanya hata bure. Kituo kilitaka kurusha upya "Karibu Ukae", miaka sita yote, na yeye ndiye wa kuihamishia kwenye kompyuta.

Aliyekuwa na televisheni enzi hizo, au jirani mwenye televisheni, hahitaji kuelezwa "Karibu Ukae". Kwa wengine, kilikuwa kichekesho kilichoigiza vile vipindi vya mahojiano vya siku zile, ambamo wakubwa walikaa kwenye makochi wakaulizwa maswali waliyoyaandika wenyewe. Bwana Swali, ndani ya koti la kuwatosha watu wawili, alisoma maswali kwenye kadi alizozishika kichwa chini miguu juu. Aliuliza, akajibu mwenyewe, kisha akamshukuru mgeni kwa jibu zuri. Wageni wote waliigizwa na watu wawili tu, mwembamba na mnene, wakibadilisha kofia: Profesa wa Usingizi aliyelala katikati ya sentensi, Mshonaji wa Suruali za Kuku, Mtabiri wa Jana.

Na kulikuwa na kiti cha tatu. Hicho hakikukaliwa na mtu. Kilikuwa cha Mgeni wa Heshima, ambaye kila Jumapili Bwana Swali alitangaza kwamba yuko njiani. Aliwekewa glasi ya maji iliyofunikwa kisahani, na kipaza sauti chake mwenyewe. Kipindi kikikaribia mwisho Bwana Swali alisimama, akafunga vifungo vya koti, akanyoosha mikono kuelekea kile kiti na kusema, "Mabibi na mabwana, tumkaribishe." Ukumbi mzima ukajibu karibu. Majumbani nako watu wakajibu karibu, wakubwa kwa wadogo, na barabara yenye nyumba ishirini iliitika kama nyumba moja. Hapo kengele ililia, Bwana Swali akatazama saa yake isiyo na mishale, akasema, "Bahati mbaya muda umetuishia. Wiki ijayo hakosi."

Nyumbani kwao Mama Kanda televisheni ilikuwa ya sanduku la mbao lenye milango miwili. Baba yake, fundi saa, ndiye aliyeshika ufunguo. Jumapili saa kumi na moja jioni majirani walivua viatu mlangoni na kujaa mpaka jikoni, na mama yake akakosa pa kukaa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mama huyo alikwisha fariki, mwaka wa tano sasa. Tangu azikwe, mzee hakugusa tena saa. Alihamia kwa binti yake, akawa mtu wa kukaa sebuleni na kutazama ukuta, akijibu kwa kichwa, na siku nyingine hata kichwa hakikujibu. Binti naye alirudi kazini amechoka, akampakulia chakula, akamwuliza kama amekunywa dawa, basi.

Kwa hiyo alipomaliza kuhamisha kanda za mwanzo, alitoa nakala akazipeleka nyumbani. Mzee alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Yule mnene, hebu tazama kofia yake," maneno mengi kuliko aliyoyasema wiki nzima. Na Bwana Swali aliponyoosha mikono kuelekea kile kiti, mzee naye akainua mkono wake uliojaa mishipa, akasema karibu kwa sauti kamili ya mwenye nyumba. Mama Kanda aliingia jikoni akafungua bomba, asisikike analia.

Baada ya hapo alimpelekea nakala kila jioni.

Wiki ya tatu alikuwa amekikuta kile kicheko kwenye kanda arobaini. Alimwita fundi wa sauti, mwanamume mwembamba ambaye kwa umbo na kwa kazi wenzake walimpachika jina la Waya. Alishuka na hedifoni zake, akatenganisha sauti za kanda. Ukumbi ulikuwa na vipaza sauti vinne juu ya watazamaji. Akavizima kimoja kimoja. Kicheko kikabaki. Akazima cha Bwana Swali, akazima cha yule aliyeigiza mgeni. Kikabaki, peke yake sasa, karibu mno, kama mtu anayecheka akiwa ameegemea bega lako.

"Dada," Waya alisema polepole, "kinatoka kiti cha tatu."

Walikisikiliza kiti kile peke yake, tangu mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza hakukuwa na kitu, ila mvumo wa kanda. Mwaka wa pili, kwa mbali, pumzi: kuvuta, kutoa. Mwaka wa tatu, sauti ya mtu akimeza. Hapo walitazama picha badala ya kusikiliza, wakaona kwamba glasi ilianza kipindi ikiwa imejaa, na kipindi kilipokwisha, kisahani bado kimeifunika, maji yalikuwa yamefika nusu. Mwaka wa sita glasi ilikuwa tupu kila Jumapili na kicheko kilitangulia kila utani.

Waya alivua hedifoni akaziweka mezani taratibu, akazima mashine. Chumba kikatulia. Kisha kicheko kikasikika tena, mle mle chumbani, nyuma ya kabati la nne.

Waya ndiye aliyejitia moyo kwanza, akasema huenda ni ile mashine ya ubaridi, feni yake ina kasoro siku nyingi. Alivuta ngazi akapanda kuitazama. Ngazi ile ilikuwa imara, Mama Kanda mwenyewe aliipanda kila siku, lakini mguu mmoja wa ngazi ulikunjika kama wa mtu aliyepigwa nyuma ya goti, na Waya akaanguka juu ya mkono wake. Mfupa ulisikika.

Walipokwisha kumpakia kwenye gari la hospitali, Mama Kanda alibaki amesimama barabarani katika jua la mchana. Kile kitu kilikuwa kimecheka kwanza.

Hakurudi chumbani. Alikwenda nyumbani, na kabla hajaingiza ufunguo alisikia baba yake anaongea. Televisheni ilikuwa imezimwa. Sebule ilinuka vumbi lililoungua, ile harufu ya televisheni za zamani zikishapata moto. Mzee alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati safi. Mbele yake alikuwa ameweka kiti cha meza ya chakula, na kando ya kiti, juu ya kigoda, glasi ya maji iliyofunikwa kisahani.

"Baba, unaongea na nani?"

"Mgeni amefika," alijibu mzee, kwa furaha ya chini chini, kama anayeogopa kukatiza maongezi. "Leo hakuchelewa."

Kisha akageukia kile kiti kitupu akaendelea pale alipoachia: alikuwa akihadithia siku ya kwanza alipofungua saa ya watu, kijana wa miaka kumi na sita, akapiga chafya, na vidude vyote vikatapakaa sakafuni kwa tajiri wake. Hadithi hiyo Mama Kanda aliijua kwa moyo. Hakuwa ameiomba kwa miaka mingi. Mzee alihadithia, akanyamaza, akainamisha sikio, kisha akajibu kama aliyeulizwa swali zuri sana. Mto wa kile kiti ulikuwa umebonyea katikati. Jioni binti alipoinua kisahani, glasi ilikuwa kavu.

Aliacha kuleta nakala, haikusaidia. Kila alasiri mgeni alikuwepo, na kila alasiri mzee alivaa shati safi. Siku ya nne Mama Kanda alimkumbusha, kwa mzaha, ile chafya yake ya ujana. Mzee alimtazama kwa adabu, kama mtu anayehadithiwa mambo ya mtu mwingine. Hakuwa na chafya yoyote. Hakuwa na tajiri wa saa. Alipoonyeshwa kisanduku chake cha bisibisi ndogo ndogo, alisema ni vitu vizuri, ni vya nani?

Siku ya saba alimkuta ameshika picha ya harusi iliyokuwa ukutani.

"Mwanangu," aliuliza, "huyu mwanamke ni nani? Ana sura ya upole."

Mama Kanda aliichukua ile picha. Alimwuliza jana yake alizungumza nini na mgeni. Mzee akafurahi kuulizwa. "Habari za harusi," alisema. "Aliniuliza vizuri, nikampa yote."

Palepale Mama Kanda alikinyanyua kile kiti akatoka nacho uani. Hajavuka mlango, kicheko kikasikika ndani, kifupi, cha kooni. Alisimama na kiti mikononi, asijue aruke mbele au nyuma, macho yakikimbia kwenye jiko, kwenye nyaya, kwenye dari, akitafuta kitakachoanguka, na kilichoanguka kilikuwa baba yake, aliyekuwa ameinuka kumfuata mgeni wake asifukuzwe, akajikwaa kizingitini na kupiga paji la uso ukutani. Binti alimfunga kitambaa, akampangusa damu. Kisha, kwa mikono yake mwenyewe, akakirudisha kiti mahali pake.

Kesho yake alikwenda hospitali kumwona Waya. Mkono ulikuwa kwenye plasta, na uso ulikuwa wa mtu asiyelala. Waya alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hilo ni jini, na yeye hajui dawa ya jini. Ila kama ni mgeni, basi ana mwenyeji aliyemwita, na mwenyeji yuko hai. Alimpa jina la mtaa na alama ya nyumba: juu ya duka la fundi viatu, ngazi ya nje.

Alipobisha, mlango ulifunguliwa na mzee mrefu aliyepinda mgongo. Ilikuwa ajabu kuuona uso ule bila miwani isiyo na vioo. Mama Kanda aliamkia, akaitikiwa, akasubiri kukaribishwa. Hakukaribishwa. Mzee alisogea kando tu, akasema, "Ingia."

Ndani mlikuwa na kitanda, meza, sahani moja, kikombe kimoja, kiti kimoja. Bwana Swali alimwonyesha kile kiti, yeye akabaki amesimama dirishani. Watu wa mtaani walimwona bahili. Mama Kanda alipoanza kueleza alichokisikia kwenye kanda, alimwona anashika kingo za dirisha, na alipofika kwenye glasi, mzee alimwomba apunguze sauti.

Alisimulia na yeye, kwa vipande. Kiti cha tatu kilikuwa wazo lake, utani wa siku moja; watu wakaupenda, ukabaki. Hakuona ubaya wowote mpaka mwaka wa mwisho. Jumapili ya mwisho aliposimama na kunyoosha mikono, kile kiti kililia, kama kiti kinavyolia mtu mzito akikaa, na ndani ya kidude cha sikioni alichokuwa akipokelea maelekezo mtu akamwambia, "Nimefika." Alivua koti akatoka ukumbini. Hakueleza mtu. Tangu siku hiyo hakuwahi kununua kiti cha pili, wala kulitamka lile neno ambalo kila mwenye nyumba hulitamka.

"Tulimwita mara mia tatu," alisema. "Sikumwuliza swali hata moja. Wala sikumuaga."

Mama Kanda alimwomba aje. Alikataa. Alisema yeye ni mzee, amebakiza kidogo, na kidogo hicho anataka kukimaliza kwa amani. Mama Kanda hakubishana. Alitoa ile picha ya harusi mkobani, akaiweka mezani karibu na ile sahani moja, akamwambia kwamba baba yake jana hakumtambua mkewe pichani. Bwana Swali aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akafungua kabati akatoa koti. Sasa lingewatosha watu watatu.

Walifika Jumapili, saa kumi na moja kasoro, jua likiwa bado kali kwenye mapazia. Baba mtu alimtambua Bwana Swali mara moja, akataka kusimama, akashindwa kwa furaha. Bwana Swali alichukua kigoda, akaketi akikabili kile kiti. Hakuwa na kadi. Mikono yote miwili aliiweka magotini.

"Mgeni wetu," alisema, "jina lako nani?"

Enzi zile, hapo ndipo angejijibu mwenyewe. Safari hii alinyamaza akasubiri. Harufu ya vumbi lililoungua ikapanda, ikawa nzito hata ikakaa kwenye ulimi, na kutoka kwenye kile kiti, pale ambapo kichwa cha mtu kingekuwa, ikaja sauti yenye mvumo wa kanda nyuma yake, kama sauti iliyonaswa zamani inachezwa sasa.

"Mliniita Mgeni."

"Unatoka wapi?"

"Sikuwa na pa kutoka. Mlipoanza kuniita ndipo nilipoanza."

Mama Kanda alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, ameyashika mabega yake, na alihisi mabega yale yametulia kabisa, hayana hofu hata chembe, ilhali yake yeye yalikuwa yanaruka, na meno yalikuwa yanaruka, na alitaka kupiga kelele lakini aliona kwamba akifungua mdomo kitu kile kitamgeukia yeye na kumwuliza, na yeye atajibu, atatoa kimoja, atatoa cha pili, mpaka abaki amesimama katika nyumba ambayo hajui ni ya nani, akishika mabega ya mzee ambaye hajui ni nani.

"Kwa mzee huyu unachukua nini?" aliuliza Bwana Swali.

"Kumbukumbu. Yeye anazo nyingi. Mimi sina." Mto wa kiti ulijikunja, kama aliyekaa amesogea mbele. "Wale wengine waliokaa hapo, watu wanawakumbuka. Profesa, Mshonaji, wanawakumbuka na kucheka na kufuta machozi. Mimi waliniita zaidi ya wote, na hakuna anayeukumbuka uso wangu."

Bwana Swali aliinama mbele. Jasho lilikuwa limelowesha kola ya koti. Alisema swali linalofuata ndilo la mwisho, maana muda umewaishia. Je, wakimuaga, atakwenda?

"Mkiniaga wote."

Bwana Swali akasema kwaheri. Mama Kanda akasema kwaheri. Mzee hakusema.

"Baba, sema."

"Mimi simuagi," alisema mzee, bila ukali. "Huyu anakaa. Nyie mnapita tu. Mnaniuliza dawa, mnaniuliza chakula, mnapita. Huyu ananiuliza nilikuwa nani."

Mama Kanda alizunguka akapiga magoti mbele yake, mgongo ukikielekea kile kiti, na alihisi pumzi kwenye shingo: kuvuta, kutoa.

"Niambie mimi," alisema. "Kila siku. Nitakaa hapa, wewe unihadithie."

"Utachoka."

"Nitachoka nikiwa hapa hapa."

Mzee alimchunguza uso kwa muda, kama alivyokuwa akichunguza saa ya mteja kabla ya kuipokea. Kisha akanyanyua macho kuelekea kiti, kwa huzuni ya mtu anayemsindikiza rafiki kituoni. "Kwaheri, bwana," alisema. "Umenisikiliza vizuri."

Kiti kililia, mto ukainuka. Hatua zilipita kati yao, nzito, zisizo na haraka, na mlango ukafunguka na kujifunga. Harufu ikakatika. Kisha, kutoka nje, getini, kicheko: kifupi, cha kooni.

Wote watatu walibaki kama walivyo, wakisubiri. Mama Kanda alikwenda akazima jiko. Akachomoa nyaya zote ukutani. Akamshika baba yake mkono asiinuke. Saa moja ilipita, giza likaanza kuingia. Hakuna kilichoanguka. Mwishowe Bwana Swali aliinuka kwenye kigoda, mgongo ukimuuma, akaketi mwenyewe kwenye kiti cha mgeni na kuomba maji.

Kabla ya kuondoka alimwambia Mama Kanda kwamba katika kila kanda yeye bado amenyoosha mikono, na kila itakayochezwa itaita upya. Mama Kanda alikwisha liona hilo. Kituo kilikuwa kimeshatangaza tarehe. Nyumba elfu ngapi zingeitikia? Jumatatu alianza kuzipitisha kanda kwenye mashine ya sumaku, ile ya kufutia kanda mbovu, moja baada ya nyingine, mia tatu, siku mbili nzima, kisha akafuta kila kilichokuwa kwenye kompyuta, na zile nakala za nyumbani. Alilia kwa Profesa wa Usingizi, na kwa Mtabiri wa Jana aliacha mashine kidogo akatoka nje. Mkuu wa vipindi alimwuliza mara tatu alichofanya, kwa sababu hakuamini masikio yake. Miaka kumi na tisa iliishia kwa barua ya mistari minne.

Alipata vibarua vya kunyoosha nguo za watu, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa amekaa na baba yake. Mzee alihadithia, yeye akasikiliza. Ile chafya ilirudi baada ya mwezi, ikaja na majina ya mitaa na ya wateja. Harusi haikurudi. Basi yeye ndiye aliyemhadithia mzee harusi, kama alivyosimuliwa na mama yake, na mzee aliipokea kwa makini, akauliza maswali, akaipenda.

Miezi minne ikapita hivyo. Alasiri moja alikuwa ananyoosha mashati, mzee amesinzia chumbani, redio inazungumza peke yake. Mtangazaji alisema kwamba kwa kuwa kanda za "Karibu Ukae" zimepotea na hazitapatikana tena, wasikilizaji wapige simu walete kumbukumbu zao. Mwalimu mstaafu alipiga, akaigiza Profesa anavyolala katikati ya sentensi, na Mama Kanda akatabasamu juu ya kola ya shati.

Mpigaji wa pili alikuwa mwanamke mtu mzima. Alisema yeye anachokikumbuka zaidi ni ile siku Mgeni wa Heshima alipofika.

"Alikaa, akanywa maji yake," alisema, akicheka kwa raha. "Mpole yule. Sisi nyumbani tulisimama wote."

Wa tatu aliikumbuka siku hiyo hiyo. Wa nne alisema babu yake alilia kwa furaha. Mtangazaji akakiri kwamba hata yeye anaikumbuka, alikuwa mdogo, alibebwa mabegani ili aone. Wa tano alisema ana miaka kumi na tisa, na anaikumbuka vizuri sana.

Mama Kanda alisimamisha pasi. Kipindi hicho hakikuwahi kurekodiwa. Alikuwa amezitazama zote mia tatu, mara mbili, na kuzifuta kwa mikono yake. Alijua hivyo kama anavyojua jina lake. Na huku akijua, aliiona sebule ya wazazi wake Jumapili jioni, viatu mlangoni, majirani wamejazana, na mgeni anaingia, si kwenye televisheni, anaingia kwa mlango wao wenyewe, na mama yake anakunja miguu kumpisha, anainua uso. Katika miaka mitano hakuwa ameuona uso ule waziwazi kiasi hicho. Aliona alama ya kidonda nyusi inapoanzia, jino lililopandana na mwenzake, unywele mmoja umenata kwenye jasho la paji. Alijaribu kugeuza macho amtazame yule aliyeingia, lakini kumbukumbu haikugeuka, ilibaki kwa mama yake, aliyekuwa na furaha ambayo binti hakuwahi kumwona nayo alipokuwa hai.

Alinyanyua mkono kuizima redio. Mkono ukabaki hewani, kwa sababu mpigaji wa sita alikuwa ameanza kuhadithia, na mama alikuwa bado anamsogezea mgeni nafasi.